Mwadime, Jana Tumemzomea Wembe Sawasawa

Mwadime ndugu yangu,

Hapa sisi wazima. Hali yako sikuulizi, maana hata ukinijibu sijui nitaipata kwa posta gani. Lakini wallahi, jana Jumamosi ningekuwa na njia ya kukuamsha ningekuamsha, vile nilivyokuwa nikigonga dirisha la kibanda chako pale stesheni, timu imeshaingia uwanjani nawe bado unangoja treni ya mizigo ipite ndipo uweke bendera chini. Tumechukua kombe! Timu yetu ya Mkonge imechukua kombe, Mwadime! Tatu kwa mbili, mbele ya Wundanyi yote iliyoteremka na ngoma zake. Nakuandikia juu ya karatasi ya kaki, hii ninayokatia vipande vya suruali, kwa sababu karatasi za barua zimeniishia na duka halijafunguliwa. Leo ni Jumapili asubuhi.

Sasa usidhani ni kombe tu lililonishikisha kalamu. Ni ile kesi yetu, mimi na wewe. Ile ya Wembe, mshambuliaji wetu.

Unakumbuka alivyoletwa. Kampuni ya mkonge ilimtoa Mombasa kwa sifa, ikamwandika kazi ya ghala, na ghala lenyewe hakulijua mlango wake uko wapi. Akapewa nyumba ya mawe karibu na ya meneja, yenye taa na bomba ndani. Mshahara wake, walivyosema wakata mkonge, wao wanne wangechanga yao wasiufikie. Na wao ndio waliokuwa wakija kumtazama, Jumamosi baada ya kazi, mikono imechomwa na miiba, wamesimama juani na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mwaka wa kwanza tulimpenda, tusidanganyane. Alipokuwa akimkata beki mmoja halafu mwingine, wewe ulikuwa ukinikamata mkono kwa nguvu mpaka nashindwa kushona Jumatatu. Mwaka wa pili akaanza kutembea. Mpira uko kule, yeye anatembea. Mazoezi haji. Akipoteza mpira anawatupia wenzake mikono kama wao ndio wenye makosa.

Hapo ndipo mimi na wewe tulipoanza. Mimi nilisema azomewe. Nilikupa mfano wa kazi yangu: mteja akivaa suruali inayombana makalio, hunipigia kelele sokoni kote wakasikia, na ana haki, kwa sababu ametoa pesa yake. Wewe ukaniuliza, "Akimaliza kelele, Athumani, si huwa mnakunywa chai?" Nikasema ndiyo, na suruali naipanua. Ukaniambia, "Basi nyinyi mnaomzomea Wembe ile chai hamnywi. Mnafanya kazi nusu." Nikakucheka. Nilidhani umeishiwa na hoja unaniletea mambo ya chai.

Kumbe ulikuwa unanieleza mambo ya kwenu. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu na bado sikuyaelewa. Ule mwaka mtoto wako Wakesho alipokuwa mdogo, akakataa kula siku nne, mkaitana ukoo mzima kule Mbololo, nami nikapanda nawe kwa sababu ya urafiki. Nikaona kaka yako mkubwa anaulizwa kama ana jambo moyoni, naye akatikisa kichwa, akatikisa, mwisho akasema kweli ana hasira nawe, ulikata miwa mpakani bila kumwambia. Akaisema yote, bila kuipaka sukari. Halafu akapewa kibuyu cha pombe ya miwa, akapiga funda, akalipuliza nje kwa mdomo, pfuu, akisema hasira yangu itoke, mtoto awe mzima. Kutasa, ukaniambia, ndivyo tunavyoita. Mimi mtoto wa mjini nikacheka njia nzima tukiteremka. Hukukasirika. Ulisema tu, "Cheka, lakini umeona mtoto amekula ugali."

Ulinifafanulia siku ile kwamba kinachomdhuru mtu ni hasira aliyofichiwa na watu wake. Ikisemwa mbele yake, kisha anayeisema akapuliza na kumtakia heri, imekwisha. Mimi nikaliweka hilo pamoja na mambo mengine ya wazee wa milimani, nikaendelea na kushona.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ile mechi yetu ya mwisho mimi na wewe. Wembe alikosa penalti. Aliupiga kama anausukuma kwa kidole, kipa akaudaka akicheka. Nami nilikuwa na wimbo wangu tayari, ule wa nyumba ya mawe, nilioutunga wiki nzima nikikanyaga cherehani. Nikauanzisha. Upande wetu wote ukauitikia, watu wakapiga miluzi, wakamtaja hadi mama yake, na mimi mbele yao kama mwalimu wa kwaya. Moyo wangu ulikuwa mtamu, sikufichi. Nikageuka nione kama unacheka, nikakuona umesimama. Ukakiokota kigoda chako, kile cha miguu mitatu ulichokuja nacho kila Jumamosi kutoka nyumbani, ukakitia kwapani, ukazunguka uwanja wote ukaenda kukaa nyuma ya goli la wageni. Mbele ya watu! Nikakufuata nusu njia nikapaza sauti: kwani huyo ni mtoto wako? Ukanijibu bila kugeuka, "Akivaa jezi yetu, ndiyo."

Wiki tatu sikupita stesheni. Nilikuwa nikizunguka kwa barabara ya nyuma, mguu mbovu huu, ili nisionane nawe. Nikasikia una homa. Nikasema, atakuja mwenyewe akipona, ndiye aliyehama, ndiye atakayerudi. Nikasikia umelazwa. Nikasema kesho nitakwenda, kuna kanzu ya harusi naimalizia. Kesho yake nikasikia umekufa.

Nilikuzika, Mwadime. Nilishika jeneza upande wa mguu wako wa kushoto. Watu walisema Athumani amelia kuliko ndugu wa damu, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Hasira kwako kwa kuhamisha kigoda, na hasira kwangu kwa ile kanzu. Hata bwana harusi alipokuja kuichukua sikumtazama usoni.

Basi niache hapo. Nikueleze fainali, maana hiyo ndiyo nimeamkia.

Alhamisi Landrova ya kampuni ilipita kambini na kipaza sauti. Wenye shamba wanakuja kutoka nje kutazama mechi, na yeyote atakayemzomea Wembe, Jumatatu asije kazini. Kweli kabisa, walitangaza hivyo! Wakata mkonge wakafyata ulimi. Jumamosi uwanja ukajaa hadi watu wakapanda juu ya mabehewa yaliyosimama, na upande wetu kimya. Kimya kabisa, ndugu yangu. Kule Wundanyi wanapiga ngoma, wanaimba, wanarusha kofia, na huku kwetu unasikia mtu akikohoa. Wembe akipata mpira, kimya. Akiupoteza, kimya zaidi. Mimi nilifurahi mwanzoni, nikajisemea Mwadime angependa leo, hakuna anayezomea. Nilikuwa mjinga. Kila uso niliouangalia ulikuwa umefura. Wale watu walikuwa wamekaa na hasira ya miaka miwili wameifunika, na mtu mwenyewe anacheza mbele yao. Na alicheza vibaya kuliko siku zote. Alijikwaa pasipo na kitu. Wakatufunga moja, wakatufunga la pili, tukaenda mapumziko mbili bila.

Nikiwa nimejiinamia, nikaona miguu ya mama mtu mzima mbele yangu. Nainua macho, Mama Wakesho. Mjane wako, Mwadime, aliyekuwa akisema mpira ni wa watu wasio na shamba! Kigoda chako kwapani, kibuyu mkononi. Ameteremka kutoka Mbololo tangu asubuhi. Hakunisalimu sawasawa. Akaniambia, "Baba Zuhura, hawa watu wamenyamaza vibaya. Huyu kijana wataua yeye. Wewe si mtu ya kampuni, hawawezi kukufuta. Wewe ndio ulianza hiyo wimbo. Enda useme."

Nikasema mimi? Akasema, "Nani mwingine?" Nikasema shehe atasikia. Akasema, "Ni maji ya muwa, haijalala hata. Si pombe." Kweli ulikuwa ukiniwekea hivyo kila nilipopanda kwenu, juisi ya muwa ya siku hiyohiyo, kwa sababu unajua nisichokunywa. Nilipoonja nikajua mkono uliokamua ni uleule.

Timu ikatoka kurudi uwanjani. Nikavuka kamba. Askari akataka kunizuia, Mama Wakesho akamwekea kigoda mbele, akajikwaa. Nikasimama mbele ya Wembe, uso kwa uso. Hajawahi kuniona karibu, hajui hata mimi ni nani. Nikapaza sauti wasikie wote:

"Mimi ni Athumani fundi. Nina hasira na wewe! Watu hawa wamechomwa miiba tangu alfajiri, wamekuja kwa miguu kukutazama, nawe unatembea kama unatafuta sindano iliyoanguka. Mazoezi huji. Wenzako unawatupia mikono. Nilikutungia wimbo wa matusi na sikukwambia usoni hata siku moja. Leo nakwambia!"

Uwanja mzima ukageuka. Meneja kule kwenye viti akasimama. Nikapiga funda la kibuyu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, na kwa kuwa sijazoea, nikamwogesha kifua chote. Mama Wakesho akanivuta shati, "Kidogo, Baba Zuhura! Kidogo!" Nikasema, "Hasira yangu itoke. Mguu wako uwe mwepesi. Ucheze uende nyumbani mzima."

Ungeona, Mwadime! Mkata mkonge mmoja mzee akainuka na kikombe chake cha chai ya rangi. Akasema mimi nina hasira nawe, ulinipita barabarani na baiskeli ukanirushia tope hukugeuka! Pfuu! Awe mzima! Mwingine na soda. Mwingine na maji ya ukwaju. Wakamba, Wadawida, Wataveta, hata wale vijana wa stesheni waliokuwa chini yako, kila mtu analo la kusema, anasema, anapuliza, anamtakia heri. Vicheko, chai imeruka kila mahali, refa amesimama na filimbi yake hajui aandike nini. Sasa meneja atamfuta nani? Hakuna aliyezomea. Watu wanambariki mchezaji wake!

Na Wembe akacheka. Miaka miwili sijawahi kuona meno yake. Akajipangusa jezi, akanishika bega, akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha pwani, "Mzee wangu, siku zote mwanizomea, leo ndo mwanambia." Akakimbia kwenda mahali pake. Alikimbia, Mwadime, hakutembea.

Sijui nikuelezeje alichokifanya. La kwanza aliwapita watatu kwenye mstari wa pembeni, mahali ambapo nafasi haikuwepo. La pili alipiga kutoka mbali, kipa akabaki ameshika kiuno. Mbili kwa mbili! Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, kofia yangu ikaenda na mpaka leo sijui iko kichwani kwa nani. Watu wa Wundanyi ngoma zimewashinda. Na dakika zinakwisha, Wembe huyo, ameingia ndani, wamemwangusha. Penalti.

Sasa hapa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Usimwambie yeyote huko.

Akauweka mpira. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kigoda chako, Mama Wakesho ameniruhusu, na nilikuwa nimepiga funda la mwisho la kibuyu, nimelishikilia mdomoni kwa wasiwasi, sijameza. Akaenda, akapiga. Mlingoti! Mpira ukagonga mlingoti, beki wao akautoa nje, kona. Penalti tena, mtu yuleyule tena! Na mimi, Mwadime, baada ya yote niliyoyasema, hasira ikanipanda kutoka unyayoni. Nilifungua mdomo nimzomee. Nilikuwa na ule wimbo, herufi ya kwanza kabisa ilikuwa kwenye ulimi. Nilisahau nina maji mdomoni.

Yakatoka pfuuu, mbali, kama bomba limepasuka.

Watu wakaniona. Wakasema fundi ametasa! Papo hapo upande wetu wote ukainua vikombe, wakapuliza, wakasema mguu uwe mwepesi, awe mzima. Hakuna hata mmoja aliyezomea. Nami nimesimama kidevu kinachuruzika. Wembe alikuwa ameshika kichwa anangoja matusi. Akatutazama. Akaenda mwenyewe kwenye kona, akaupiga, ukaja umejipinda, na yule beki wetu mrefu, mkata mkonge, mtoto wa hapahapa kambini, akaupiga kichwa. Ndani! Tatu! Refa akamaliza. Waliobebwa mabegani walikuwa wawili, yule mrefu na Wembe, na Wembe alikuwa analia.

Basi niambie wewe. Ile yangu ya mwisho ilikuwa kuzomea au kutasa? Nimelala nayo, nimeamka nayo. Mdomo ulitaka hivi, maji yakafanya vile. Naogopa kwamba nimepewa heshima isiyo yangu. Najua ungecheka mpaka ukakaa chini.

Nikimaliza mstari huu nakunja karatasi, napanda Mbololo. Nitakusomea hapo kaburini, neno kwa neno.

*

Jumatatu.

Nilikwenda, na barua niliisahau mezani. Usicheke. Nilifika kwenye kaburi lako nimepapasa mifuko yote, hamna kitu isipokuwa chaki ya kupimia. Mama Wakesho alikuwa amenipa kibuyu kipya na kuniacha peke yangu, ameingia jikoni. Ikabidi nikwambie kwa mdomo. Ulisikia au hukusikia, lakini kwa kuwa nimerudi na karatasi hii bado ina nafasi, nakuandikia nilivyosema.

Nilisema, Mwadime, nina hasira na wewe. Ulinihama mbele ya watu. Hukunivuta pembeni ukanieleza, ulibeba kigoda ukaenda. Halafu ukaugua haraka, ukafa haraka, hukunipa hata siku moja ya kujirudi. Nilisema yote hivyo, kwa sauti, kuku wenu wakakimbia. Halafu nikasema na langu: nilijua unaumwa na sikuja. Niliweka kanzu ya mtu mbele yako. Nikapiga funda. Safari hii nilijua kipimo, kidogo tu, nikapuliza pembeni, nikasema hasira yangu itoke, ulale mzima, watoto wako wawe wazima.

Nilikaa pale mpaka jua likahamia upande wa Wundanyi. Niliporudi nyumbani nilikula. Zuhura ndiye aliyeniambia, "Baba, leo umemaliza sahani." Nilikuwa sijajua kwamba ni miezi simalizi.

Mama Wakesho amenipa kigoda. Amesema nyumbani kinamkwaza tu. Nimekiweka hapa dukani, kulia kwa cherehani, na hakuna mteja anayekikalia.

Nakuaga sasa, ndugu yangu, nina suruali tatu za kumaliza. Nakuahidi jambo moja. Msimu ujao Wembe atanikasirisha tena, namjua na najijua, na sitanyamaza, tena nitasimama nimkemee mpaka wanisikie Wundanyi. Lakini kibuyu kitakuwa miguuni pangu, na sitaondoka uwanjani kabla sijapuliza. Na kigoda chako nitakibeba kila Jumamosi, nikiweke pale kilipokuwa siku zote, upande wetu.

Mimi rafiki yako,
Athumani fundi